Kwa Dada Yetu, Siku Ilikuwa Siku

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Brashi. Familia imenipa mimi, kitinda mimba, kazi ya kumwelezea. Mumewe amenisihi nisimpambe, maana dada mwenyewe hakupenda kitu kisemwe zaidi ya kilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yetu. Mama alikuwa akisimulia kwamba alikuja duniani amekunja uso, kama mtu aliyeletewa mzigo asiouagiza. Kabla hajajua kusoma alikuwa ameshachora matairi kwa mkaa kwenye ukuta wote wa karakana, na baba, badala ya kumchapa, akawa anawaonyesha wateja.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea uandishi wa mabango, akiwa msichana peke yake darasani. Jina la Brashi alilipata huko, kwa tabia yake ya kuchomeka brashi kwenye nywele kisha kuitafuta chumba kizima huku akimshuku kila mtu.

Tangu mwaka 1970 aliandika mabango ya maduka ya dawa, saluni, gereji na shule. Alipiga mistari yake kwa uzi uliopakwa chaki, akavuka barabara kuitazama kwa mbali, akarudi kuifuta. Na aliandika ukweli tu. Seremala mmoja alimwagiza aandike kwamba samani zake ni za bei ya kutupa. Dada akamuuliza, "Kwani unazitupa?"

"Sizitupi, mama, ni namna ya kusema tu."

"Basi tuseme kwa namna nyingine." Akamwandikia: "Bei tutaelewana." Seremala huyo yupo hapa leo, na bango bado lipo.

Mwaka 1973 vijana wa kanisa waliandaa mdahalo: je, siku sita za uumbaji zilikuwa siku kweli, au ni lugha ya mfano? Dada alisimama upande wa siku kweli. Upande wa pili alisimama mwalimu mgeni wa fizikia, mwembamba, suruali ikimpwaya. Akauliza, "Kama jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza zilipimwa kwa kitu gani?"

Dada akamjibu, "Kwani Mungu anahitaji saa ya ukutani ndipo ajue siku imeisha?"

Ukumbi uliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mwalimu mwenyewe. Baada ya mdahalo alimbebea dada ngazi aliyotoka nayo kazini hadi nyumbani, wakibishana njia nzima. Baba alipouliza kama kijana huyu anaiamini Biblia au haiamini, dada alisema, "Anaiamini, Baba, ila anaisoma vibaya."

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Mchungaji aliyewafundisha kabla ya ndoa aliwapa sharti moja: asiyekubaliana na mwenzake aeleze kwanza hoja ya mwenzake, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo." Hapo ndipo aruhusiwe kuipinga. Sharti hilo lililea watoto watatu. Sisi wageni tulikuwa tunakaa mezani chakula kikipoa, tukimsikiliza dada akieleza vizuri kabisa kwa nini siku hazikuwa siku, halafu akivuta pumzi na kuyabomoa yote.

Mwaka 1984 kanisa lilimpa ukuta wa darasa la watoto achore siku zile sita. Akaapa kuchora kila siku kwa siku yake, hakuna kulimbikiza. Mwalimu alimwonya kwamba rangi ya mafuta haikauki upesi hivyo. Ilipofika siku ya tano, mwezi ulikuwa umechuruzika ukutani hadi kwa samaki. Mwalimu akasema, "Ungempa Mungu nafasi rangi ikauke." Dada, bila kugeuka: "Yeye hakutumia rangi ya mafuta." Siku ya saba alipumzika kikamilifu. Mwalimu ndiye aliyepika, akafua, akaosha hata brashi, akilalamika kwamba tafsiri ya mkewe inamfaidi mtu mmoja tu.

Lakini haikuwa mizaha tupu. Tulipomzika mama yetu, Agosti 1989, dada alimuuliza mumewe swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya ule mdahalo. Kama siku zile ni mfano, je, kufufuka nako ni mfano? Mwalimu si mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema, "Mke wangu, sijui." Dada hakugomba. Aliniambia baadaye, akikaza vifuniko vya makopo yake ya rangi, kwamba haogopi kufa. Anachoogopa ni kufika huko akamtafuta Mwalimu asimwone. Na hakuuliza tena. Alimpenda mno, asingeweza kumlazimisha aseme asichokiamini.

Mwaka 2019 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akakatazwa kupanda ngazi, akabaki kuwaelekeza mafundi kutoka kwenye kiti, jambo lililowatesa mafundi. Mwezi wa nne mwaka huu wa 2024 alilazwa. Wauguzi walimtunza kwa upendo hata baada ya yeye kuwaambia kwamba maandishi ya mlangoni yamepinda, na familia inawashukuru.

Jumapili iliyopita, mchana, mimi na Mwalimu tulikuwa kando ya kitanda. Dada alikuwa anaongea kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mwalimu, wewe unasema habari ile inatuambia nani aliumba. Haituambii alitumia muda gani. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na kufufuka je?"

Niliinuka nitoke. Mwalimu akanishika mkono. "Kaa, shemeji, usikie." Kisha akamgeukia. "Wewe unasema makaburi yatafunguka kweli, na watu watatoka na nyuso zao, na mtu atamtambua mwenzake. Sivyo?"

"Ndivyo," dada akasema.

"Mwaka ule nilikwambia sijui. Nimelifikiri tangu siku hiyo. Katika hilo sina cha kupinga, mke wangu. Tutaonana."

Dada alimkazia macho kama alivyokuwa akiukagua mstari kutoka ng'ambo ya barabara. "Usinibembeleze."

"Lini nimekubembeleza?"

Dada akacheka, kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo. Mimi nililia, na sioni aibu kulisema. Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, ndugu watatu, na mabango mengi kuliko tunavyoweza kuyataja.

Nilipomuuliza Mwalimu tumalizie kwa maneno gani, alisema niandike neno lile alilomwambia, na nilisome kama lilivyo. Lala salama, dada yetu. Mumeo anasema mtaonana, na amesisitiza niwaambie watu wote hapa kwamba si mfano.