Mama Maeng Bok-dan, Aliyenyamaza Katikati ya Ukungu

Maeng Bok-dan, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Chang-su, alizaliwa tarehe 2 Februari 1938 katika kijiji cha Galmeori, wilaya ya Taean, kwenye pwani ya Korea. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Maeng Chil-seong, mkulima wa vitunguu saumu, na mkewe Tak Gan-nan.

Alianza shule ya kijijini mwaka 1946. Vita vilipozuka mwaka 1950 shule ilifungwa, naye hakurudi tena darasani. Kusoma vizuri alijifunzia kanisani akiwa tayari mtu mzima, akifuatisha kidole chini ya mistari ya kitabu cha nyimbo. Watoto walimcheka: "Mama, wimbo umekwisha, wewe bado uko ubeti wa pili!" Naye aliwajibu, "Tangulieni tu, nitawakuta kwenye amina."

Tarehe 9 Novemba 1957 alifunga ndoa na Pyo Deok-man, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi na mpiga kengele wa kanisa letu. Walijaliwa watoto wawili, Chang-su na Mi-bun.

Kazi yake ilikuwa kuchimba chaza kwenye tope la pwani maji yakipwa. Mwaka 1971 akina mama walimchagua awaongoze katika ibada za nyumba kwa nyumba. Hakuwa msemaji sana nje ya sala. Theluji ikianguka, mtu aliyetoka kwenye sala ya alfajiri aliikuta njia ya mjane fulani imekwisha kufagiwa, na Mama Chang-su ameshika ufagio kwenye njia ya mwingine. Wenzake walichukua mafagio bila kuambiwa. Walizoea kwenda anakokwenda.

Ndiyo maana walimfuata pia tarehe 17 Aprili 1985. Walikuwa wanawake sita mbali kwenye tope, akiwemo Ki Hye-ran, mkamwana wake aliyeolewa mwaka uliotangulia na ambaye hakuwa Mkristo. Mama Gil-ja, mmoja wa hao sita, alikuwa akimtania: "Mama Chang-su, mkamwana wako hajui hata kufumba macho wakati wa sala. Anatuhesabu kama kuku!"

Ukungu ukashuka ghafla. Marehemu alinyoosha mkono, asiuone. Kila upande ulikuwa mweupe, na nyayo zao zilikuwa zimeanza kujaa maji. Bahari ilikuwa inarudi. Aliwaongoza upande aliodhani ni nchi kavu, lakini maji yakapanda hadi vifundoni, kisha hadi magotini. Mama Gil-ja akalia, "Tunakufa! Watoto wangu jamani, tunakufa!" Marehemu alisimama. "Tushikane," alisema. "Tuombe."

Wakaomba kama kanisa letu linavyoomba, wote kwa pamoja, kila mmoja kwa maneno yake na kwa sauti yote aliyo nayo. Ya marehemu ilikuwa juu ya zote. Kadiri hofu ilivyopanda ndivyo alivyozidi kupaza, akiamini kwamba akinyamaza tu, wenzake watavunjika moyo.

Mtu akamvuta mkono. "Mama! Mama, nyamaza!"

"Nani anakatiza sala?"

"Ni mimi, Hye-ran. Nisamehe, Mama. Kuna kitu kinalia, lakini mnakifunika."

Mama Gil-ja alifoka, "Huyu mpagani atatumaliza! Endelea kuomba, Mama Chang-su!"

Marehemu alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wowote. Wanawake wanne walikuwa wakisubiri kinywa chake. Akifumbua wangefumbua, akifumba wangefumba. Akafumba. Sauti zikakatika moja baada ya nyingine, yakabaki maji. Kisha, kwa mbali, wakasikia kengele ya kanisa. Ilikuwa inalia nyuma yao. Walikuwa wameelekea baharini.

"Masikio yako yako salama kuliko yangu," alimwambia mkamwana wake. "Tangulia. Mimi nitashika nguo yako, na hawa watanishika mimi. Asitoe mtu sauti." Walipofika kwenye mawe ya pwani maji yalikuwa kifuani mwa Mama Gil-ja, mfupi wao. Wote walitoka hai. Deok-man alikutwa bado anavuta kamba ya kengele, viganja vinatoka damu.

Jumapili mchungaji alimwita mbele ashuhudie jinsi sala ilivyowaokoa. Alisimama mbele ya wote. "Mchungaji, sivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunaitwa, nami nilikuwa namzidi Mungu sauti. Hawa walizama hadi kifuani kwa kunifuata. Chagueni mwingine."

Hawakumchagua mwingine. Aliwaongoza miaka ishirini na zaidi, akianza kila ibada kwa kunyamaza na kusikiliza. Hye-ran alibatizwa mwaka 1988. Hakuna aliyemwomba abatizwe.

Deok-man alifariki mwaka 1991. Oktoba 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mchungaji wetu kijana alipomtembelea alisema, "Mama, mtu kama wewe hana hofu, sivyo?"

"Ninayo, mwanangu. Nyingi. Sogea hapa karibu."

Mchungaji alisogea, akakaa naye mchana kutwa. Jioni marehemu aliwaambia watoto wake, "Msije mkasoma kaburini kwamba sikuogopa. Hawa wa kanisani wananiangalia. Wakidanganywa, siku yao ikifika watadhani wao ndio wa kwanza kuogopa."

Kwa hiyo tunasema kama alivyotaka: Mama Maeng Bok-dan aliogopa. Aliogopa hadi asubuhi ya tarehe 14 Machi 2023, alipofariki nyumbani kwake akiwa na miaka themanini na mitano, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Hye-ran.

Ameacha watoto wawili, Chang-su na Mi-bun, mkamwana, Hye-ran, mkwe, Ban Jong-tae, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Bwana aliyemjua alivyo ampumzishe kwa amani.