King'ora cha Siku ya Kura

Basi lilikuwa halijatoka hata kituoni, na dereva wa gari la wagonjwa alishaanza kumtambia seremala aliyekaa naye. Ubunge chama chao wameuchukua kwa kura kumi na tisa tu, na kura hizo, alidai, alizibeba yeye.

"Kutwa nzima, kaka! Vikongwe, vilema, wote niliwapakia. Hata king'ora niliwasha, watu wapishe."

"Na wagonjwa je?"

"Siku ile nani alikuwa na nafasi ya kuumwa?"

Seremala akacheka. Nyuma yao, mama mfua nguo hakucheka. Siku ile alikikimbilia king'ora hicho mara mbili, akipunga khanga barabarani, na bintiye yuko sakafuni na uchungu wa kuzaa. Gari lilimpita limejaa wazee wanaoimba. Alichobakiwa nacho ni mjukuu aliyembeba mgongoni.

Dereva akageuka, uso umemchangamka. "Na wewe mama, ulipiga kura?"

"Sikuweza, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Si ungeniita tu, ningekupakia!"

"Nilikuita."

Basi likasimama kituo kilichofuata. Mama akamkaza mtoto mgongoni, akashuka.

"Aliniita lini huyu?" dereva akamwuliza seremala.