Mawese Kwenye Tangi

Boti iliyotoka Mwamgongo ilikuwa imeukaribia mwalo wa Kibirizi. Evaline alibana dumu lake la mawese kwa magoti, akiwasikiliza wanaume wawili waliofahamiana humo humo. Walikuwa juu ya maji, lakini ubishi wao ulikuwa wa magari.

Nassib, fundi wa serikali aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, aliisifu gesi asilia: bei nafuu, moshi kidogo.

"Nikiishiwa njia ya Kasulu nijaze wapi?" aliuliza Herman, mzee aliyeendesha lori la chakula cha wakimbizi. "Dizeli naipata hata kwenye chupa barabarani."

"Basi mawese, Mzee. Yakisindikwa kiwandani yanaendesha injini ya dizeli."

Herman akaguna. Mwaka jana alichanganya mawese mabichi na dizeli, nusu kwa nusu, akalala njiani, na baridi ya alfajiri ikayagandisha tangini. "Kambini walingoja maharage siku mbili. Nilipofika, mama mmoja, aliyepika bila mafuta wiki nzima, wala hakunigombeza. Alinusa tangi, akasema, 'Kumbe mawese yapo.'"

"Lakini ya kiwandani, Mzee..." Nassib alianza tena, na boti ikagusa mchanga.

Evaline akamkabidhi Herman dumu. "Shikamoo, baba. Mpelekee Leonida huko kambini, Mrundi aliyejifungulia nyumbani kwangu siku walipovuka mpaka. Ni ya mboga haya, si ya tangi. Ukikwama, kwama nayo."