Fundi Tone na Maji ya Chiriku

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawasomea maisha ya baba yetu, kaka yetu na mume wa Mama Chiriku, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Tone tu, na tunaomba radhi mapema kwamba historia hii imezidi ule ukurasa mmoja tuliokubaliana, kwa sababu mjane ameiongezea sehemu asubuhi ya leo, na leo hakuna wa kumbishia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, ambako walimu walimkumbuka kwa kufungua mabomba ya uani ili aone yana nini ndani, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu ufundi bomba mwaka 1975.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika hoteli kubwa ya mjini, akaitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2016, na jina la Fundi Tone alilipata huko, kwa kuwa mgeni akilalamika kwamba anasikia maji yakidondoka, marehemu aliweka sikio ukutani, akafumba macho, akataja bomba lenye kasoro kabla hajashika spana. Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa Mama Chiriku, msusi mwenye saluni yake, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye yuko nasi hapa, na wa kike aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1992, ambaye kwa kusema bila kupumzika tangu anaamka mpaka usingizi umwangushe, aliitwa Chiriku.

Chiriku alikuwa na bakuli la kioo dirishani, lenye samaki wadogo wa mikia ya rangi, aliowasimulia habari zote za shule kila alipotoka darasani, na sponji moja ya kuchujia maji aliyoiweka kwa mkono wake, na tarehe 21 Juni 2001 homa ya uti wa mgongo ilimchukua, nyumba ikanyamaza. Bakuli likabaki palepale, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwaga maji ambayo mtoto alikuwa ametia mkono wake ndani.

Mwaka uleule hoteli ilitupa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, marehemu akaliomba, akalileta sebuleni, akamimina humo maji ya bakuli pamoja na samaki, kisha akaanza kubuni chujio, kazi iliyomla miezi. Alipanga droo za plastiki moja juu ya nyingine kama mnara, akazitoboa chini vitundu vidogo, akajaza ya juu sponji za kukamata uchafu, za chini vipande vya matofali, vifuniko vya chupa na rola za nywele, ambazo Mama Chiriku alizitafuta saluni mpaka akamsingizia mteja, na maji yakawa yanatoka tangini kwa bomba, yanadondoka droo hadi droo mpaka kwenye ndoo ya chini, ambako pampu iliyasukuma kurudi juu. Umeme ulipokatika mara ya kwanza maji ya tangi yalirudi kinyume kwa bomba la pampu na kulowesha zulia lote, naye akatoboa kitundu karibu na mdomo wa bomba ili livute hewa badala ya maji, akajisifu wiki nzima. Wenzake walimcheka kwamba mtu anayelipwa kuziba matone ameunda mashine ya kuyatengeneza.

Katika droo ya katikati aliiweka sponji ya Chiriku, nyeusi, yenye utelezi, akatueleza sote kwamba ndani ya ule uchafu wanaishi vijidudu visivyoonekana, vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki, vinavyozaliana na kuhamia kwenye sponji mpya, kwa hiyo vyote vilivyomo humo ni uzao wa vile vya bakuli, na akapiga marufuku mtu kuiosha, maana sabuni na dawa ya maji ya bomba huviua mara moja.

Mama Chiriku hakuyazoea yale matone upesi, aliyasikia kama mtu mdogo anayeongea chumba cha pili, na alisema kwamba saa ya watoto kutoka shule samaki wote walihamia upande wa dirisha, wakasimama pale kama wanaosubiri habari. Alasiri moja akamwambia mumewe, "Zima, nakuomba, siwezi tena." Marehemu akazima, wakakaa kwenye makochi wakisikiliza, na kile kimya kilikuwa kama kile cha siku ya msiba, hata Mama Chiriku akainuka mwenyewe akawasha, na tangu siku hiyo swichi ya pampu, iliyo nyuma ya mlango, haikuzimwa na mkono wa mtu muda wote wa uhai wa marehemu.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2021, akalazwa kwa mara ya mwisho tarehe 3 Oktoba mwaka huu, na hata akiwa hoi alimwambia muuguzi kwamba matone ya dripu yanakimbia mno, muuguzi akakagua, akakuta kweli, akapunguza. Alifariki alfajiri ya tarehe 11, akimshika mkono mkewe, na neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa, "Yanadondoka?" Mkewe akamjibu kwamba yanadondoka.

Siku hiyohiyo, wakati Mama Chiriku yuko hospitalini akifuatilia taratibu, dada wa marehemu, ambaye vumbi likimwona hukimbia lenyewe, alifika na majirani kuandaa nyumba kwa ajili ya waombolezaji, akauona ule mnara umejaa utando mweusi, akaona aibu kwa kaka yake, akaufumua, akasugua kila kitu kwa sabuni na maji ya bomba. Mama Chiriku aliporudi alizikuta sponji zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, zote nyeupe, ya mtoto haitambulikani tena, na yeye ambaye hakuwa amelia hospitalini alilia pale uani mpaka akashikiliwa. Mnara tumeupanga upya na maji yanadondoka, lakini tangu jana samaki wanahema juu ya maji, na baadhi wamekufa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumtunza mgonjwa mbishi. Tunawashukuru majirani, pamoja na wale waliosafisha, na kwa wifi yake, dada wa marehemu, Mama Chiriku ameagiza isomwe hivi, mbele ya watu: "Wifi, hukujua, acha kujificha huko nyuma, njoo ukae na mimi."

Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa hoteli, hasa huyu mnayemwita Spana, msaidizi wake wa miaka mingi, ambaye alipopata habari za chujio aliondoka bila kuaga, kwa sababu alikumbuka kwamba zamani marehemu aliikata sponji ya Chiriku nusu, akaitia katika tangi dogo la mapokezi hotelini, akamwambia, "Kwangu kukiharibika, mbegu iko hapa." Amefika leo wakati jeneza linatoka mlangoni, na lile kopo la plastiki lililo mapajani mwa Mama Chiriku, ambalo waliokaa mstari wa mbele wamekuwa wakijiuliza harufu yake, ndilo hilo, nusu iliyobaki, nyeusi, ndani ya maji yake yenyewe.

Hatujui kama samaki watapona. Mama Chiriku amekataa kumpa mtu yeyote kopo hilo, anasema tukitoka makaburini ataiweka mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye droo ya katikati, na anawaomba mtakaokuja nyumbani msishangae mkisikia mtu mdogo anaongea chumba cha pili.

Fundi Tone, tumeiacha swichi imewashwa. Pumzika kwa amani, na umsalimie mtoto.