Aubrey Mingay, Aliyeokota Sarafu kwa Haki

Marehemu Aubrey Mingay alizaliwa tarehe 3 Novemba 1937 katika kijiji hiki cha Brackney, Norfolk, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Walter Mingay na marehemu Edith. Inasemekana asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali hata maziwa yakaganda ndani ya ng'ombe. Hilo la ng'ombe ni chumvi ya mkewe, Dulcie. Mengine yote katika karatasi hii ni kweli, na Dulcie anaomba yasikilizwe kama kweli, ingawa anajua hajayazoeza masikio ya watu kusikia kweli kutoka kwake.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1942 hadi 1952. Siku moja wavulana walivunja dirisha la darasa, wakaapiana wote waseme ni upepo. Zamu ya Aubrey ilipofika akasimama wima. "Ni upepo, mwalimu," akasema. "Lakini jiwe nililirusha mimi." Alichapwa na mwalimu, kisha na wenzake.

Alipotoka shule alianza kazi ya kuchimba mitaro ya kutoa maji mashambani, na akaifanya kwa miaka arobaini na tisa, hadi mwaka 2001. Hakuna shamba kati ya hapa na mtoni ambalo koleo lake halikulionja. Alikuwa akichukua udongo kiganjani, anaubonyeza, anakwambia utazaa nini na mvua ilinyesha lini.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Dulcie Larter, msichana aliyekuwa akiuza samaki na chipsi karibu na kituo cha treni. Kijiji kilicheka. Walisema Aubrey ameoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia, maana Dulcie alikuwa amekwisha kuwaaminisha nusu ya watoto kwamba bata bukini wa mama yake hupiga kinanda kanisani. Watu walipomuuliza mumewe, alijibu tu, "Mimi siku hiyo sikuwepo." Hakumwaibisha mkewe hata mara moja. Walijaliwa watoto wawili, Desmond na Verity.

Alipostaafu, watoto walimnunulia mashine ya kutafutia sarafu za kale, ile ya kupitisha juu ya ardhi ikalia panapo madini. Akajiunga na chama cha watafutaji hapa kijijini. Alipenda Msitu wa Hagg, na Hagg una msimu wake: mpaka mwisho wa Januari ni wa wawindaji wa ndege, na Machi magugu huanza kupanda tena. Mtafutaji ana Februari tu, na matope yake. Miaka mitano Aubrey aliinama humo, akaokota vizibo vya chupa na vitako vya risasi za wawindaji. Baridi ya mwaka wa sita akatangaza kwamba mashine ataitundika, atakaa nyumbani amsaidie mkewe jikoni. Akaanza kwa kupanga makopo ya viungo kwa herufi.

Hapo ndipo Dulcie alipofanya alilofanya. Alikwenda gulioni mjini, akanunua sarafu moja ya fedha ya Warumi. Tarehe 8 Februari 2007, Aubrey akiwa kwa kinyozi, akaenda Hagg akaifukia chini ya mwaloni ulioanguka, kina cha kiganja. Alitaka mambo mawili: yeye acheke, na jiko lake libaki lake.

Kesho yake alimsihi aende Hagg mara moja tu ya mwisho, na mchana Aubrey akaingia na buti zake mpaka kwenye zulia. "Dulcie! Weka maji motoni! Hapana, acha maji, njoo hapa!" Akafungua kiganja. Alikuwa analia. Mtu ambaye hata mamaye alipozikwa alishika kofia tu. Dulcie alikuwa ameshafungua mdomo acheke, akaufunga. Akasema moyoni, nitamwambia Jumapili.

Lakini watafutaji waaminifu wana utaratibu wao, na Dulcie hakuujua. Alidhani sarafu itakaa kwenye mkebe wa tumbaku. Jioni ileile Aubrey alimpigia simu Bwana Peverell, mwenye msitu, na asubuhi akaipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho, akamwonyesha mahali kwenye ramani mpaka hatua ya mwisho. Mtaalamu akasema sarafu ya namna ile ilipigwa Shamu, huko Siria, na upande huu wa bahari haijawahi kuonekana. Ramani ikatiwa nukta. Jumapili ilipofika, wachimbaji wa makumbusho walikuwa wameshapanga siku ya kuja.

Walichimba wiki mbili. Hawakupata hata kifungo.

Mkutano wa chama uliofuata, mwenyekiti, Bwana Thirkettle, alimgeukia mbele ya watu wote. "Aubrey, ndugu yangu, ulinunua wapi?"

"Sikununua. Mashine iliita, nikachimba, ikatoka."

"Kwa hiyo imetoka Shamu kwa miguu, peke yake, bila hata mwenzake?"

Watu wakacheka. Hawakumfukuza. Walimwambia apumzike kidogo, na mapumziko hayo hayakuisha. Kila Februari kwa miaka kumi na miwili alirudi Hagg peke yake kutafuta sarafu ya pili, ili jina lake lisafishike. Mkewe alimfungia mkate na jibini, akamfunga skafu, akamtazama akienda.

Mwaka 2008 Dulcie alikwenda kwa Bwana Thirkettle. "Ile sarafu niliifukia mimi," akamwambia.

Thirkettle alicheka mpaka akavua miwani. "Dulcie wee! Mke mwema humsitiri mumewe, lakini hata yule bukini wako anaaminika kuliko hiyo!"

Dulcie angeweza kumwonyesha kikaratasi cha muuzaji wa gulioni. Alikuwa nacho mkobani. Hakukitoa, maana kingemfikia Aubrey. Alirudi nyumbani amefurahi kwamba hakuaminiwa. Furaha ile ndiyo inayomla mpaka leo.

Mwezi huu Aubrey alikwenda Hagg siku nane mfululizo katika mvua ya rasharasha, akipiga magoti kwenye maji akiwa na miaka themanini na mmoja. Tarehe 13 homa ilimshika, akalazwa hospitalini kwa nimonia. Jumatano Dulcie alimwambia yote, lakini alimwambia akijua kifaa chake cha kusikia kimo ndani ya droo. Aubrey aliona tu midomo ikicheza, akamshika mkono.

"Mwakani tuanzie upande wa mfereji," akasema. "Ya pili ipo, Dulcie. Naihisi."

Dulcie akaitikia kwa kichwa kwamba ipo. Aubrey alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 21 Februari 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na kitukuu mmoja, Ivo, mwenye miezi mitatu.

Wanachama wa chama cha watafutaji, tunashukuru mmekuja. Kikaratasi cha muuzaji kimechapwa ukurasa wa nyuma, na tarehe yake na jina la mnunuzi. Makumbusho wameandikiwa waifute nukta. Aubrey alikuta kitu ardhini, akasema alipokikuta, hakuongeza neno. Mwongo amekaa benchi la mbele na kofia nyeusi, na leo hatainamisha uso; mtazameni yeye. Mkitoka hapa, mtajeni Aubrey kwa jina lake, kama mlivyokuwa mkimtaja zamani.

Udongo alioujua kuliko sisi sote umpokee polepole, na Mungu ampe pumziko ambalo nyumbani kwake alinyimwa.