Historia ya Marehemu Dkt. Gaudensia Akonaay, Aliyefundisha Kusikiliza Ubongo

Baba paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya Gaudensia, ambayo mwenyewe aliagiza yasomwe kwa kifupi ili watu wasiungue jua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 kijijini Gitting, Hanang, mtoto wa tatu wa mzee Akonaay na mama Mectilda, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1991, na alipokuwa darasa la sita mdogo wake Basili alishikwa na kifafa akaangukia moto jikoni, watu wazima wakarudi nyuma kwa kuogopa povu lake, Gaudensia peke yake akamvuta, na yale makovu ya mikononi mliyoyajua yalitoka hapo.

Alihitimu kidato cha sita mwaka 2004, akapata shahada ya uzamivu nje ya nchi mwaka 2014, na tangu 2016 alikuwa Arusha akiwafundisha wanasayansi vijana kushusha ndani ya ubongo wa panya aliyelazwa usingizi sindano nyembamba kama unywele, iliyojaa vinasa vidogo mno vya umeme wa seli, ili wasikie kwa spika seli nyingi kwa pamoja na kujua kifafa huanzia wapi. Hakuwa mpole kazini, tusidanganyane, kwani aliyeanza kurekodi mapema alitolewa nje akanywe chai, maana ubongo husukumwa na sindano, na asiyeusubiri utulie huambulia kelele tu.

Tarehe 12 Septemba 2015 alifunga ndoa na mwalimu Wilbard wa hapa Dongobesh, Mbulu, wakajaliwa Erica na Cornel, ambao bado wanauliza mama anarudi lini.

Februari 2024 aligundulika na saratani ya titi, akaendelea kufundisha huku nguvu zikimwisha, akiomba tu amwone mtu mmoja akiifanya kazi ile bila yeye, na tarehe 3 Juni 2025 mwanafunzi wake Severina alimpigia simu wodini akamsikilizisha seli zikilia kama bisi sufuriani, marehemu akauliza kama alisubiri, Severina akajibu kwamba alisubiri mpaka chai ikapoa, naye akacheka, na kesho yake alfajiri akatutoka.

Aliacha agizo kwamba Basili abebe msalaba mbele ya jeneza. Jana baadhi yetu tulikataa, tukisema akianguka njiani itakuwa aibu, mama Mectilda akatujibu kwamba aibu ilikuwa ile ya jikoni, tukamkabidhi Basili msalaba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gitting na Dongobesh, na wenzake wa maabara waliosafiri usiku kucha.

Basili ndiye yule mwenye msalaba. Akianguka, jeneza litawekwa chini, atalazwa ubavu, hakuna atakayekimbia, na hatutaenda kaburini mpaka ainuke.

Gaudensia, pumzika kwa amani, Basili tutamsubiri.