Jicho Langu Halikuponywa na Sufuria

Bwana asifiwe! Wenye macho mawili, Bwana asifiwe! Na sisi wenye moja, Bwana asifiwe sana!

Asante, Mchungaji, kwa nafasi hii. Umeniambia niwe mfupi na nitajitahidi, lakini nimekuja nimekasirika na sitaficha. Jumapili iliyopita Mzee Boay, mzee wetu wa kanisa, alisimama hapa akasema mimi Paulina niliponywa jicho kwa kujifukiza, wakati ule wa corona. Mkapiga makofi. Mkapiga na vigelegele! Mimi mwenye jicho nilikuwa benchi la nyuma, na hakuna aliyegeuka kuniuliza. Sasa Mama Neema, yule pale aliyejifunika uso kwa kanga, juzi ameingiwa na ganda la maharage jichoni, na jana nimesikia ameshaambiwa akachemshe majani. Ndugu zangu, ndiyo maana nimesimama. Mimi sikuponywa na sufuria. Sufuria ilikaribia kunipofusha!

Wengi mnajua jicho langu la kushoto lilikufa kwa surua nikiwa mtoto. Nimekua hivyo, nimeolewa hivyo, nimezaa hivyo. La kulia ndilo la kupalilia, ndilo la kutoa mawe kwenye maharage, ndilo la kumtambua mwanangu Emanueli kati ya wenzake wote wenye sare moja. Ninyi mkiumia moja mnalo la akiba. Mimi akiba sina.

Mwaka ule shule zilikuwa zimefungwa, na sisi hapa kwetu Getanuwas tulikuwa tunapura. Kazi hiyo mnaijua: maharage yamekauka juu ya turubai, watu mnatazamana, mnapiga kwa fimbo, maganda yanaruka. Ganda moja likaniingia jicho la kulia. Nikapangusa kwa kona ya kanga, nikaendelea kupiga. Nani kati yenu aliwahi kuacha kupura kwa sababu ya ganda? Kesho yake jicho likaamka jekundu kama nyanya, machozi hayakatiki, na machozi yakishukia puani, pua nayo ikaanza kutiririka. Ikawa basi!

Jicho jekundu na mafua, mwaka ule? Hakuna aliyeuliza kama nilikuwa napura. Ninyi mliozoea kuingia kwangu kama kwenu, mlinisalimia kutoka barabarani. Watoto tuliowafundisha kusogea na kutoa shikamoo waliirusha kutoka nje ya uzio, wakakimbia kabla sijaitikia. Nikienda kisimani mlinipisha mpaka mkaingia kwenye miiba. Nilichota maji bila foleni, kama mkuu wa wilaya!

Sisemi hamkupaswa kuogopa. Watu walikuwa wanakufa, na mimi mwenyewe niliogopa. Nasema mliogopa mpaka mkaacha kuangalia.

Ndipo Mzee Boay akaja na wenzake. Walisimama uani, wakaomba kwa mbali, wakaagiza nifukizwe. Ikatolewa sufuria yangu kubwa ya makande, yakaja majani ya mkaratusi, malimao, tangawizi, na blanketi zito la juu. Nikasema, "Shikamoo baba. Mimi linaniuma jicho, kifua hakiniumi."

"Marahaba, binti. Ugonjwa huu unaingilia popote. Inama, na ufumbue macho mvuke uingie."

Ufumbue macho! Na mimi nikafumbua, kwa sababu ni mzee, na mimi nimelelewa. Nililia ndani ya lile blanketi mpaka sauti ikakauka, na ninyi nje mkaongeza pambio. Ilikuwa hivyo asubuhi na jioni.

Mwanga ukaanza kupungua. Nilikuwa naona kama mtu aliye jikoni kuni mbichi zinapofuka. Mume wangu akanitazama akasema kuna doa jeupe katikati ya jicho, akawasha pikipiki tuende zahanati. Wazee wakasema hapana, kwanza afukizwe, aende na nguvu. Basi nikatoka kwenye blanketi moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki. Zahanati ni hapo karibu, wala sitaitaja jina. Mlinzi wa getini akaninyooshea kile kipimo cha joto kwenye paji la uso, kikapiga kelele. Kisingepiga? Mtu ametoka kuchemshwa kama kiazi! Mlinzi akaruka nyuma: "Mama, rudi nyumbani ukajitenge!" Mume wangu akaeleza habari ya jicho, akaeleza tena. Jicho halikusikilizwa. Kipimo kilikuwa kimeshasema.

Ndugu zangu, siku ile sikuomba kwa adabu. Nilimwambia Mungu: Ulichukua la kwanza nikanyamaza. Hili sitoi! Kama umebakiza hata mtu mmoja anayeweza kunisogelea, mlete.

Akamleta Mwalimu Rukia. Ndiyo, yule aliyekuwa anafundisha hapa shuleni, Mwislamu wa Tanga, na hijabu yake. Ninyi mlikuwa mmeacha kununua maziwa yangu. Yeye alikuja na chupa yake, amevaa barakoa, akaingia mpaka ndani. Akapiga goti. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku nalia, maana nilikuwa nimesahau kusikia neno hilo kwa karibu. Akaniomba aone jicho. Akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, lilipoanza ulikuwa unafanya kazi gani?"

Sikieni swali hilo! Kanisa zima limenizunguka, limeimba, limefukiza, na swali hilo linatoka kwa mtu aliyefuata maziwa.

Nikamwambia nilikuwa napura maharage. Akasema, "Basi hilo ni jeraha, mama. Kesho tunakwenda hospitali ya Haydom. Na hiyo sufuria isikanyage hapa tena."

"Watatufukuza kwenye basi, mwalimu."

"Watufukuze wote wawili."

Na kweli walijaribu! Tulipopanda watu wakafungua madirisha, baba mmoja akasimama akadai nishushwe. Mwalimu Rukia naye akasimama. "Ni ganda la maharage! Wewe baba hujawahi kupura?" Ndani ya basi lile hapakuwa na mtu asiyepura. Yule baba akakaa. Baadaye alinipisha nikae dirishani, nami nilimshukuru.

Getini Haydom walinipima joto. Asubuhi ile sikuwa nimefukizwa na mtu, na kipimo kikatulia. Haleluya! Nikaingizwa kwa daktari wa macho. Alikuwa amefunikwa kuanzia kichwani, na plastiki mbele ya uso, na nyuma ya ile plastiki jasho lilikuwa linamtoka. Nikajua naye anaogopa. Lakini alisogea! Alikaa magoti yake yakagusana na yangu. Akanidondoshea dawa ya njano, akamulika kwa taa ya bluu, akakiona kidonda. Akageuza kope la juu, na pale ndani akatoa kipande cha ganda, kidogo kama ukucha wa kifaranga. Kila nilipopepesa lilikuwa linanikwangua. Akasema ningekaa nyumbani siku chache zaidi, jicho lingetoboka.

Kisha akauliza, "Nani alikuambia uweke jicho hili kwenye mvuke?"

Sikuwataja. Nilikuwa nawafichia aibu. Leo nasema: ni sisi, kanisa!

Nililazwa. Manesi walinidondoshea dawa kila saa, usiku na mchana, na Mwalimu Rukia alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu mpaka mume wangu alipompokea. Siku moja asubuhi nikaona vidole vyangu. Nikavihesabu kama mtoto. Kovu lipo, jua kali linaniumiza, lakini naona, ndugu zangu! Nakuona, Mchungaji, unavyotazama saa. Nakuona, Mzee Boay, umeinamisha kichwa.

Mzee wangu, shikamoo. Najua uliniombea kwa moyo wote, na najua Bwana alikusikia. Alikujibu! Ila jibu lilikuja limevaa hijabu, wewe ukaenda kuishukuru sufuria. Usiipe sufuria utukufu wa Bwana, nakuomba. Watu wanakuamini. Mimi nilikuamini nikafumbua macho.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mwalimu, amehamishwa lakini namwombea kila siku, naye ananiombea kwa namna yake. Namshukuru yule daktari ambaye hata sura sikuiona. Na wewe ambaye hujamtumaini Bwana, mtumaini leo! Mimi nilimpigia kelele na hakunitupa. Lakini ukishamwomba, inuka uangalie amemtuma nani, usije ukamfungia mlango.

Sasa nimalize. Mama Neema, inuka. Usione haya, shusha kanga nikuone. Jicho hilo linatoa machozi tangu tuimbe wimbo wa kwanza, na mimi nimekaa naliangalia nashindwa hata kusali. Mume wangu yuko nje na pikipiki, atatufikisha barabarani tupande basi. Haydom hawafungi mlango kwa sababu ya Jumapili. Sadaka nitatoa wiki ijayo, na mahubiri mtanisimulia.

Nipe mkono, Mama Neema. Na ninyi wengine, mwaka ule mlijua sana kunipisha. Nipisheni tena.